Mustari ya mupunga inashuka

Leo mu kombi ya kutoka Simi-Simi tulikaa tunatazamana, magoti ku magoti. Papa mumoja mwenye abacost, ile koti ya kazi ya bila kravati, alinyanyua karatasi ya carreaux, yenye vyumba-vyumba vya hesabu, jua ikaipenya. Alikuwa ameandika miaka chini, ametia alama moja kila mwaka juu ya mavuno ya mupunga, kisha amevuta mustari katikati yao mpaka mwaka wenye kuja. Mama wa Bengamisa, mwenye kukaa mbele yake, akapiga vigelegele: "Papa, mupunga inapanda!"

"Unaangalia ku mugongo ya karatasi, mama. Kwa kweli inashuka. Na chef wangu wa kazi anangojea mustari yenye kupanda. Nikimupa hii, kesho ananitupa kazi ya mbali, Banalia."

"Alors, umuonyeshe mugongo, ku dirisha."

"Ile iko bongo, ni kudanganya!"

"Bongo ya nani? Jua njo inaonyesha."

Ku masomo walitufundisha kama hesabu haina mugongo. Nikafunga mudomo na mukono, juu kucheka wakubwa haiko adabu.

Kombi ikasimama Makiso. Papa akashuka, akageuza karatasi, akaigeuza tena. Kisha akarudi ku dirisha ya kombi, akauliza polepole: "Na miaka, si itasomeka kinyume?"

"Citoyen," mama akamujibu, "chef yako anasomaka mpaka chini?"