Amnon Alipouliza Kaburi la Wadii

Geti la chuma la kuingilia kijiji hicho cha Wapalestina lilikuwa limefungwa na jeshi la Israeli kwa siku ya kumi na moja, na tangu lifungwe hakuna gari lililofika kwa Nayef kuzibwa pancha. Nayef, ambaye wote walimwita Mhandisi kwa sababu aliwahi kusoma uhandisi mwaka mmoja akaachia njiani, alibaki kuchemsha kahawa ya iliki na kuwamiminia wawili waliokaa mbele ya gereji, juu ya kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu. Mmoja alikuwa Hikmat, aitwaye Redio, mwalimu mstaafu asiyepitwa na taarifa ya habari. Wa pili alikuwa Shukri, mpiga plasta wa zamani. Mizeituni yake ilikuwa ng'ambo ya geti, zeituni zimeiva zinadondoka zenyewe, naye asubuhi ile hakuwa na hamu ya kusemeshwa na mtu.

— Wamekutana tena kuzungumzia amani, alisema Redio. Hotelini, siku tatu.

— Basi wamekula vizuri, alijibu Mhandisi.

— Sikiliza bwana. Kinachozuia amani ni viti. Ikija kweli, nusu ya wakubwa wao na nusu ya wakubwa wetu watakaa nyumbani kuchezea wajukuu. Nani anataka hivyo?

— Acha hizo. Kinachozuia ni vile vilima. Kila ukiinua macho, nyumba mpya za walowezi. Mpaka utaupitisha wapi, chumbani kwa mtu?

— Na bunduki zetu je? Kila kundi lina yake, kila kundi linajiona serikali.

— Basi wajenge ghorofa, Mhandisi akasema. Nchi mbili, moja juu ya nyingine. Miaka kumi wao juu, miaka kumi sisi.

— Na Jerusalem?

— Jerusalem tuiweke kwenye lifti.

Redio alicheka hadi kahawa ikampalia. Mhandisi, alipoona amepata msikilizaji, akanogewa.

— Hili geti lenyewe mnajua kwa nini halifunguliwi? Ufunguo umepotea. Askari aliyekuwa nao amemaliza muda wake jeshini, kaenda kutembea India, ufunguo uko mfukoni mwake.

— Kumbe amani yetu iko India.

Shukri akaweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamrukia mkononi. Hakuifuta.

— Wadii alikwenda pale getini kuuliza swali hilohilo, alisema. Lini mtafungua. Alikuwa anatoka kupogoa miti, ana kisu cha kupogolea kiunoni. Askari wakampiga risasi mbili. Nyinyi mnanipangia lifti.

Tangu majira ya kuchipua, mwanawe huyo alipouawa, wenzake walikuwa wamejifunza kukwepa jina hilo mbele yake, na leo walikuwa wamejisahau.

Ndipo walipomwona mtu mnene mwenye kipara akipanda barabara kutoka getini, anachechemea. Shukri alimjua kabla hajafika karibu. Alikuwa Amnon, fundi bomba Mwisraeli, ambaye kwa miaka ishirini na miwili Shukri alifanya naye kazi kwenye majengo yaleyale upande wa Israeli. Amnon alitoboa kuta, Shukri akazifunika. Vita vya Ghaza vilipoanza Shukri alinyang'anywa kibali cha kuvuka, na tangu siku hiyo Amnon hakupiga simu hata mara moja.

— Salaam aleikum, alisema Amnon kwa Kiarabu chake cha kwenye majengo, akimwita Shukri baba wa Wadii kama zamani. Abu Wadii, nimesikia wiki iliyopita tu.

Shukri hakumpa mkono.

— Nani kakuruhusu kupita?

— Hawajaniuliza kitu. Nimepita pembeni.

— Umeona, Redio? Geti halina tatizo na kila mtu.

Amnon alibaki amesimama, kofia mkononi. Mhandisi alimtazama Shukri kuona kama amimine kikombe cha nne. Uso aliouona ukamfanya ashushe birika.

— Nilimjua yule kijana akiwa mdogo, alisema Amnon. Nataka kwenda kumwona. Kaburi la Wadii liko wapi?

Mhandisi akageukia matairi.

— Hakuna kaburi, alisema Shukri. Mnaye nyinyi, jeshi lenu liliondoka na mwili. Miezi saba sasa yuko kwenye jokofu lenu la maiti, mahali gani hawasemi. Mama yake anauliza kila siku. Umekuja kuniuliza mimi?

Amnon akaikunja kofia yake.

— Nadav, mtoto wa dada yangu, alipelekwa Ghaza akiwa maiti, akasema. Miezi kumi na minne hatukuwa na cha kuzika.

— Usinipimie wako kwa wangu.

— Sipimi. Nimeuliza kaburi kwa sababu nilidhani lipo.

Shukri aliinuka. Alikasirika, maana maneno yale hakuona pa kuyashika ayarudishe.

— Basi kaulize kule kwenu, alisema. Mimi nikiuliza naambiwa nirudi nyuma ya mstari. Wewe hawajakuuliza kitu. Andika.

Mhandisi akachana kipande cha boksi la tairi, akampa Amnon pamoja na kalamu. Shukri akataja nambari ya kitambulisho cha mwanawe kwa kichwa, tarakimu moja moja.

— Soma.

Amnon akasoma.

— Ya tano ni saba, si moja. Ukikosea hapo watakupa mtoto wa mtu mwingine.

Amnon akarekebisha. Shukri akamsimamia, akamtaka asome tena tangu mwanzo, na mara ya tatu, mpaka hakukosea hata moja.