Koti la Dikteta

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lenye mguu wa tofali, kati ya kibanda cha kinyozi na duka la cherehani. Asubuhi hiyo Fundi Pindo alikuwa amepakata koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu, mkasi mkononi, uso umemshuka kama mfiwa. Lilikuwa koti la dikteta. Dikteta wa jukwaani, katika mchezo wa nyimbo ulioujaza ukumbi kwa wiki ya tatu sasa. Pindo ndiye aliyelishona, na mchezo ameutazama mara nne. Sasa mwongozaji ameagiza koti liharibiwe kabla ya saa kumi, maana watazamaji wanampenda dikteta kupita kiasi.

— Wanampigia makofi, — alilalamika Pindo. — Eti kosa langu! Limemkaa vizuri mno.

— Koti halina kosa, — alisema Kinyozi. — Wimbo ndio wenye kosa. Mimi mchezo sijauona, lakini wimbo nanyolea wateja.

— Huujui wewe. Wanaanza waimbaji ishirini. Kila ubeti askari wanamtoa mmoja, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Wimbo hausimami! Unakuja kushtuka amebaki bibi mmoja, anaimba sauti za wote. Siku ya kwanza nililia, ndugu zangu. Siku ya pili nikalia mapema, ili nipate nafasi ya kuangalia mishono.

Wakili, ambaye ni tarishi wa mahakama na hukumu zake zinaishia hapo benchini, alishusha kikombe.

— Fupisha mkono mmoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani tena? — aliuliza Pindo.

— Huo wa nyuma ya koti. Nisikilize. Mkono ukiwa mfupi, mtu hawezi kuupunga. Asipopunga, hapigiwi makofi. Asipopigiwa makofi, hana serikali.

— Kumbe mafundi tungeshona mikono mifupi, dunia ikapona!

— Unadhani kwa nini wanaanza kwa kuwafunga mafundi cherehani?

— Wanaanza na mwalimu, — alisema Pindo. — Ubeti wa kwanza.

— Hatari ni vinyozi, — alidakia Kinyozi. — Nani anamshika mkubwa shingoni, na wembe juu? Tungeshayamaliza zamani. Ila haraka haraka haina baraka.

— Hamna haraka kweli, — alisema Mama Buli, akiwamiminia kahawa. — Toka saa mbili mnapindua serikali, na benchi bado lina tofali.

Pindo alipeleka mkasi begani pa koti. Bega lile lilimlia siku tatu. Akauondoa. Akaupeleka tena.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja kuchukua sketi ya mwanawe. Alisimama, akasikiliza, akaelewa.

— Samahani, kaka zangu. Huyo bwana akija na koti baya, hamtampigia makofi?

Mama Buli akainamisha buli; likadondosha tone moja, basi.

Pindo alikumbuka ubeti wa kumi na moja, dikteta anapowapungia mkono watazamaji huku mwimbaji mwingine akitolewa. Mara zote nne alikuwa amepiga makofi, hadi viganja vikawaka. Yeye, aliyejua kila uzi wa koti lile.

Akauweka mkasi mfukoni.

— Dada, sketi iko tayari, — alisema. — Na mwongozaji akija, mwambieni koti halina dawa. Awawashie taa watazamaji, wajione wanavyopiga makofi.