Mikono ya Stelingi Iliyobebwa Msibani kwa Tindo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi Tindo. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hata mkewe alimwita Tindo, basi na sisi tutamwita hivyo. Tindo amefariki. Alisumbuliwa na mapafu, akalazwa, hakurudi nyumbani. Tumemzika juzi.

Sasa kabla sijaenda mbali nina tangazo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kama una gari la kupanda vilima, yale ya kujiundia mwenyewe, na juzi au jana umefunga mkono wa stelingi unaong'aa, umetoka karakana kwa Tindo, usiliwashe. Usilisogeze hata mpaka dukani. Mkono huo una ufa. Wewe huuoni. Upo.

Nitawaeleza ulifikaje kwa mtu. Na mkisikia sauti yangu imekaa vibaya leo, si mafua. Ni kinyaa. Nimekaa nacho tangu makaburini na hakijashuka.

Tuanze na mtu mwenyewe. Tindo alikuwa mtoto wa mfua mabati. Baba yake alitengeneza ndoo na karai, nyumba nzima ikawa kelele tupu asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana Tindo alikuwa anaongea kwa kupayuka hata mkikaa meza moja. Na jina la Tindo nalo mkewe ndiye anajua lilikotoka. Mkewe ni fundi cherehani, wengi mnamfahamu, ndiye aliyewashonea sare za shule watoto wenu. Nilimkuta jana kakaa kwenye stuli ya mashine yake, mashine imefunikwa shuka. Akaniambia, "Siku anakuja kujitambulisha kwetu, alitoka kazini moja kwa moja. Akakaa, kitu kikamchoma mfukoni, akakitoa. Tindo! Ya kukatia chuma! Baba yangu akamtazama, akamuuliza, 'Kijana, umekuja kuoa au kuvunja mlango?'" Akacheka mama wa watu. Halafu akajifuta macho na kile kipande cha kitambaa cha kujaribia sindano.

Huyo ndiye Tindo. Alikuja kuoa na tindo mfukoni, akapewa mke.

Mambo ya gari yalianza na ajali. Tindo alikuwa na pikapu ya kubebea vyuma. Akanunua spea dukani, mkono wa stelingi, mpya, kwenye boksi lake, una stika mpaka basi. Akaufunga. Wakatoka na mkewe kwenda kumuona mama mkwe. Kwenye kona mkono ukakatika. Sasa kwa asiyejua, mkono wa stelingi ndio unaoshika tairi na kuligeuza. Ukikatika, usukani unabaki nao mkononi kama sahani, na tairi linakwenda linakotaka lenyewe. Wakaingia mtaroni. Tindo alitoka mzima. Mkewe bega lilivunjika, na mpaka leo mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio.

Mke anasema, siku yeye alipotoka hospitali, Tindo aliapa. "Wanaume wengine wanaapa kuacha pombe. Wangu aliapa kuacha duka la spea."

Na hakurudi tena. Akaamua kuunda gari lake, na kila chuma kinachobeba roho ya mtu atakitengeneza kwa mkono wake. Ekseli ya mbele aliichomoa kwenye ile pikapu. Fremu akaikunja mwenyewe kwa mabomba. Giaboksi ilikaa juu ya meza ya chakula mpaka familia ikazoea kula na sahani mapajani. Gari likatoka la kijani, tairi pana, halina mlango, likikanyaga bonde linaruka. Wakaliita Chura.

Na Chura hakuundwa kwa mashindano. Aliundwa kwa ajili ya mama mkwe. Bibi yule anakaa juu ya kilima, barabara inaishia chini, na kushuka hataki. Siku ya kwanza Tindo alipofika na gari mpaka uani, bibi akalizunguka.

"Mkwe, hili gari mlango uko wapi?"

"Halina mlango, mama."

"Basi na heshima halina."

Lakini alipanda. Akaja mjini kupimwa macho, amekaa mbele, kilemba kimefungwa mara mbili. Baada ya hapo akawa anatuma salamu za maumivu hata siku haumwi, ili Chura aje.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penyewe. Tindo hakutengeneza kitu kimoja. Alitengeneza viwili. Kimoja cha kufunga, kimoja cha kutesa. Vyuma vile vile, moto ule ule wa kuchomelea, siku ile ile. Halafu kile cha pili anakifunga kwenye jiliwa, lile la mezani la kubania chuma, anakiunganisha na mota aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Mota inakivuta, inakisukuma. Inakivuta, inakisukuma. Kutwa nzima, kwata kwata kwata. Majirani walilalamika, Tindo akawajibu, "Bora mnisikie mimi kuliko kusikia ving'ora."

Na kile cha kuteswa alikuwa anakisugua msasa mpaka kinang'aa, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Kwa nini? Aone ufa. Juu ya kutu na rangi ufa hauonekani. Anakilowesha mafuta ya taa, anakifuta, anakipaka unga wa chaki. Kama kimepasuka, mafuta yanatoka ndani na kuchora mstari kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Akishauona, kazi imekwisha. Anakitundika ukuta wa kushoto, kimenyooka, kinapendeza, hakifai hata kufungia geti. Kile cha kufunga anakiongezea chuma mahali pale palipopasuka kwa mwenzake. Kile kizima anakipaka rangi nyeusi, rangi mbaya ya masizi, anakitundika kulia.

Narudia. Kushoto, vinavyong'aa, vibovu. Kulia, vyeusi, vizima. Pale kwao hata paka alijua.

Jina lake likaenea. Kukatokea hili kundi la wenye magari ya kujiundia, wanaopanda vilima kila Jumapili na fulana zinazofanana. Nao wengi wamejenga juu ya ekseli kama ile ya Chura. Wakaanza kuja kuomba mikono ya stelingi. Tindo hakukataa. Alikuwa na sharti moja tu. Njoo ukae uone pacha wake akipasuka. Ukishaona kinapasukia wapi na baada ya mateso gani, unabeba cheusi chako na unajua unachoendesha. Wapo waliokaa. Wakaletewa chai, wakachekwa, wakaondoka na mikono yao, na hao hawana shida leo.

Mwenyekiti wao hakukaa. Namuita Mwenyekiti kwa sababu yeye mwenyewe anajiita hivyo hata akiagiza soda. Alikuwa anasimama mlangoni, funguo zinazunguka kidoleni.

"Tindo, nipe tu mkono wangu, nina haraka."

"Kaa, Mwenyekiti. Pacha yuko kwenye mashine."

"Mimi si mtoto wa kuangalia mashine ya kufulia."

"Basi na mkono si wako."

Ikawa hivyo kila akija. Hakuwahi kukaa, hakuwahi kupewa.

Tindo akafa.

Msibani Mwenyekiti alikuja na kundi lake zima, fulana zimepigwa pasi. Akashika maikrofoni. Akasema Tindo alikuwa nguzo. Akasema Tindo alikuwa taa. Akasema alikaa naye masaa na masaa karakana, akijifunza kwake. Masaa na masaa! Mtu ambaye hata stuli ya pale hajui kama ni ya mbao au ya chuma! Nilikuwa nimesimama nyuma, nikatema mate chini, na kutema mate msibani si adabu, najua.

Jeneza likatoka. Sisi tukaenda makaburini. Wenzetu wa fulana wakabaki nyuma, eti wanapanga viti.

Tuliporudi, binti wa Tindo akaingia karakana kutafuta ndoo ya watu kunawia mikono. Huyu binti naye ni fundi, alichomelea na baba yake tangu alipoweza kuinua kinyago cha kuchomelea. Akakuta ukuta wa kushoto una misumari mitupu. Mikono yote ya stelingi inayong'aa, hakuna. Ya kulia, ile myeusi, haikuguswa hata mmoja. Mtu ukiiba na macho ya dukani, unabeba kinachong'aa.

Akamfuata Mwenyekiti palepale, yuko na sahani ya pili. Nilikuwa karibu, nimesikia kwa masikio yangu.

"Mwenyekiti, mikono ya ukuta wa kushoto iko wapi?"

"Tulia, binti yangu. Vijana wamechukua kumbukumbu. Baba yako alikuwa wetu sote."

"Mmechukua mibovu."

"Mibovu? Ile inameremeta kama vijiko vya harusi?"

"Inameremeta kwa sababu baba aliisugua aone ufa. Ile ilishapasuka yote. Mizima ni ile myeusi."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. "Sasa mbona hakuandika?"

"Aandike amwandikie nani? Nani anaingia karakana ya mtu kubeba vitu?"

"Mimi hakuniambia."

"Alikuita ukae uangalie. Ulikuwa na haraka."

Akamuomba, kwa upole, nawaambia ukweli, kwa upole kuliko alivyostahili. "Waambie wenzako sasa hivi wasiifunge." Mnajua jibu? Akasogea, akashusha sauti. "Nikitangaza, watu watasema tumeiba msibani."

"Kwani hamkuiba?"

"Chunga mdomo, binti. Mimi ni sawa na baba yako."

"Baba yangu hakuwahi kubeba kitu cha marehemu."

Akainuka na sahani yake akahama kiti. Akahama kiti, wasikilizaji! Anajua kuna watu wanakwenda kufunga kifo chini ya gari, na kinachomuuma ni jina lake kwenye fulana. Na wali akamaliza.

Kwa hiyo binti akaja hapa studio. Tulipotangaza jana asubuhi, mikono ikaanza kurudi karakana. Mmoja ulitupwa juu ya ukuta ukamkosakosa kuku. Mmoja uliletwa na mwanamke ndani ya kikapu cha sokoni, umefunikwa vitunguu. Binti akamuuliza mume yuko wapi.

"Anaumwa."

"Pole. Anaumwa nini?"

"Aibu."

Binti aliupaka mafuta ya taa na chaki ule mkono mbele yake. Mstari ukatokea. Yule mama akakaa chini kwenye vumbi, kwa sababu watoto wake walikuwa wameshazungushwa mtaa mzima na gari hilo.

Yote imerudi isipokuwa mmoja. Narudia, mmoja haujarudi. Ni wa tairi la kulia. Tumemuuliza Mwenyekiti kwa simu ni nani anao. Akasema, "Siwezi kukumbuka, tulikuwa wengi." Halafu bila haya akaniomba niwatangazie kwamba kesho Jumapili kundi lake linapanda kilima na familia zao, safari maalumu ya kumuenzi Tindo. Kumuenzi! Wanapanda kumuenzi mtu na chuma walichomuibia, alichokitesa mwenyewe kwa mashine ili wewe usife, na wanaweka watoto nyuma. Nimekaa kwenye kazi hii nikasoma vifo vya kila aina, sijawahi kuona heshima inanuka namna hii. Nikamwambia ahirisha. Akasema fulana za watoto zimeshachapwa.

Basi tangazo lake mmelisikia, na mnajua la kufanya nalo.

Kwa mama, fundi wa cherehani, pole sana. Mume wako alikuapia na alitimiza. Kwa binti, pole, na simama hivyo hivyo. Kwa bibi kule juu ya kilima, binti anasema Chura atakuja kama kawaida, yeye ndiye ataendesha, na tafadhali bibi, ugonjwa uwe wa kweli. Sisi wengine tujiulize tunaenda msibani kufanya nini. Kama ni kula, tule tukae kimya. Kama ni kubeba vitu, tubaki majumbani.

Na wewe uliye nao, sikuiti mwizi hewani. Una mama yako. Una watoto wanaogombania kukaa mbele. Mimi sitaki kukaa kwenye kiti hiki Jumatatu nisome jina lako kwa sauti ya huruma, niwaambie watu ulikuwa nguzo, ulikuwa taa. Nitasoma vibaya. Nitakuwa na hasira na wewe na kila mtu atasikia.

Binti yuko karakana tangu alfajiri. Amesema uulete mbovu, atakupa mweusi, na hatakuuliza jina. Spana unayo. Lala chini ya gari lako sasa hivi. Nakuwekea wimbo, ule mrefu kuliko zote nilizonazo hapa, unatosha kabisa kufungua nati mbili.