Mama Spana na Mdundo Uliochechemea

Wasikilizaji wapendwa, nikianza kipindi hiki huwa nawaomba mtulize watoto na mweke sufuria chini ili tusikilizane. Leo siombi. Leo kelele ziacheni. Tunamkumbuka mwanamke aliyezipenda.

Alikuwa fundi mitambo. Miaka thelathini na minne alitengeneza mashine katika kiwanda cha makopo. Alikuwa mke, na mama wa binti mmoja. Na alikuwa shabiki wa Tanuri Namba Nne, ile bendi ya rock ya viwandani, wale wanaopiga magitaa juu ya sauti za mashine za kweli. Shabiki hasa, si wa mdomoni. Watu walimwita Mama Spana. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na saba.

Sasa nikiri jambo mapema, maana familia yake inasikiliza na wanalijua. Mimi ndiye niliyemjulisha kwa bendi hiyo, tena kwa dhihaka. Miaka kumi na sita iliyopita mtu aliniletea sidii yao studio. Nikasema hewani, "Jamani, sikieni vijana wa siku hizi wanavyogonga mabati wakaita muziki." Nikapiga sekunde thelathini, nikakata. Simu ikalia papo hapo.

"Mbona umekata?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Mama, hizo si kelele tu?"

"Kelele unazo wewe. Ile ni mashine ya kusokota kamba, na imetiwa grisi vizuri. Hebu rudisha."

Sikurudisha. Kiburi cha kazi, nisameheni. Kesho yake akaja mwenyewe hadi mapokezi, na ovaroli lake la kazini, mafuta yamemjaa hadi viwikoni. Akaniomba nimwandikie jina la bendi kwenye karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka bila hata kuniaga. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Baadaye, tulipokuwa tumezoeana, nilimuuliza amependa nini pale. Akasema, "Maisha yangu yote watu wananipa pole kwa kelele za kazini. Hakuna aliyewahi kuniambia ni nzuri. Hawa vijana wamesikia kile ninachosikia mimi kila siku saa mbili asubuhi mashine zikiwashwa. Nililia, we mtangazaji. Nililia kama mtoto, na spana mkononi."

Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole, anayeongea kwa kupima. Nilipokwenda kumpa pole juzi, alicheka kidogo huku macho yamejaa. "Nilioa mke mmoja," akasema, "nikaletewa bendi nzima." Ndiye aliyemshonea jina la Tanuri Namba Nne mgongoni mwa ovaroli. Alilishona mara mbili, kwa uzi wa kushonea mahema. Kwa nini? "Mwanamke yule akianza kuruka, uzi wa kawaida haufui dafu."

Binti yao ni mwalimu, na zamani aliona aibu. Hakuficha, aliniambia mwenyewe. Mama mzima, miaka hamsini na kitu, yuko mbele kabisa ya jukwaa, anatikisa kichwa katikati ya vijana! "Nilimwambia, mama, watu watasemaje? Akachomeka vizibo vya masikio, akanijibu: waseme kwa nguvu basi, maana sisikii." Vizibo hivyo hakuviacha hata siku moja. Alisema fundi bila masikio ni mtu anayebeba vyuma tu. Na ni kweli, wasikilizaji. Kazini kwake alikuwa akiegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa mashine na mpini kwenye sikio. Anafumba macho. Kisha anasema, "Gia ya pili kulia, jino moja limekatika." Wanafungua, wanalikuta.

Shikeni hapo. Fundi mitambo. Shabiki. Mwenye masikio.

Alipokuwa na miaka hamsini na saba, amekwisha kustaafu, Tanuri Namba Nne walitoa wimbo uliovuma kuliko zote. Hata mimi niliupiga, kwa shingo upande. Uliitwa "Kanyaga". Mnaukumbuka kwa mdundo wake: kishindo kimoja kizito, halafu nyuma yake pigo dogo. Du, tk. Du, tk. Kama mtu mnene anayechechemea. Nchi nzima ilicheza kwa kuchechemea. Kwenye harusi watu walichechemea. Watoto walikwenda shule wakichechemea.

Mama Spana aliusikiliza mezani kwake, kwa hedifoni alizonunuliwa na bintiye. Mumewe anakumbuka. "Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili akaacha chai. Akaurudia mara kumi na moja, mimi nahesabu. Akavua hedifoni, akasema: baba, hii presi haina breki."

Niwaeleze? Haya, kama nilivyoelezwa. Presi ni mashine inayoshusha chuma kizito kwa kishindo ili kukata bati. Mfanyakazi anaweka bati kwa mkono, anatoa mkono, anakanyaga pedali. Chuma kinashuka mara moja, kinapanda, kinasimama juu. Kinachokisimamisha ni breki. Breki ikilika, chuma kinafika juu, kinateleza kuanza kushuka tena, ndipo kinakwama kwa pigo dogo. Ile tk. Ule mdundo tulioupenda sote, wasikilizaji wapendwa, ulikuwa ugonjwa. Na ugonjwa huo ukiachwa, siku moja presi inashuka mara ya pili bila kukanyagwa, na mkono uko ndani.

Alijuaje? Hili aliwahi kumsimulia bintiye mara moja tu. Akiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili kazini, alisikia sauti hiyo hiyo kwenye presi ya rafiki yake wa karibu, waliyeanza naye kazi siku moja. Alisikia, akanyamaza. "Nilikuwa mgeni," alimwambia bintiye. "Nikasema nani atanisikiliza mimi. Wiki ile ile presi ikachukua vidole vinne vya mwenzangu. Nilijua, na sikusema." Miaka thelathini na mitano alitembea na jambo hilo kifuani.

Kwa hiyo aliandika barua kwa bendi. Akaeleza kila kitu, akachora na picha ya presi. Mahali fulani, aliandika, kuna mtu anaweka mkono wake humo kila siku. Mtafuteni.

Mnajua walimjibu nini? Watu wa ofisi ya bendi waliona barua ya shabiki mkubwa mwenye michoro, wakamtumia fulana na picha yenye sahihi. Binti anasema hajawahi kumwona mama yake akikasirika vile. Akaandika tena: "Sikuomba fulana." Wakamtumia kofia!

Ndipo akanipigia mimi. Na mimi, wasikilizaji, nilicheka. Nikamwambia, "Mama Spana, sasa umeanza kutibu nyimbo?" Akasema, "Cheka. Ukimaliza, nipe dakika mbili hewani." Nikamwambia hiki ni kipindi cha kumbukumbu za marehemu, si duka la vipuri. Akasema taratibu, "Basi omba usije ukamsoma huyo mtu kwenye kumbukumbu zako." Akakata. Sikufanya kitu. Naomba radhi leo, mbele yenu nyote.

Yeye hakusubiri radhi yangu. Tanuri Namba Nne walikuwa na tamasha la Jumamosi mchana mjini kwao, safari ya siku nzima kwa basi. Na matamasha yao yana desturi moja, mashabiki mnaijua: kabla ya wimbo wa mwisho, shabiki mmoja hupandishwa jukwaani kupiga pipa la chuma. Miaka sita Mama Spana alikuwa akiitwa, akikataa, akiwasukuma vijana wapande wao. Siku hiyo walipouliza nani anapiga pipa, aliinua mkono. Basi! Wale vijana walimbeba juu ya vichwa vyao, mama wa miaka hamsini na saba, ovaroli na viatu vizito vya kazini, huku wanaimba jina lake. Mumewe alikuwa nyuma kashika mkoba. "Nilifumba macho," akaniambia.

Alisimama mbele ya pipa. Akapiga pigo moja. Akasubiri. Akapiga tena. Safi, bila lile pigo dogo la nyuma. Watu wakaanza kuguna, huu mdundo gani? Akavuta maiki ya mwimbaji akasema, "Hii ndiyo presi nzima." Kisha akapiga ule wa "Kanyaga", du, tk. Umati ukalipuka kwa furaha. Akainua mkono mpaka wakanyamaza. "Na hii," akasema, "ni presi inayotaka kumkata mtu mkono. Nani anakaa mbele yake?"

Wapo waliozomea. Mwimbaji alicheka, akidhani ni sehemu ya onyesho. Lakini mpiga ngoma aliweka vijiti chini. Aliinuka, akamwendea, wakawa wanaongea sikio kwa sikio, na watu maelfu wanangoja. Nilimpata mpiga ngoma huyo jana, akanieleza alichomwambia. "Nilimwambia, mama, huo mdundo umenitesa. Tulirekodi wiki tatu kwenye kiwanda cha sufuria, na kila nikijaribu kuufuata ulikuwa unanikimbia. Siku ya kwanza ile tk ilikuja mapema. Siku ya mwisho ilichelewa. Nilidhani kosa ni langu. Mama akanishika bega, akaniambia: mwanangu, wewe uko sawa. Breki inazidi kuisha."

Jumatatu asubuhi walikuwa mlangoni mwa kiwanda hicho, fundi mstaafu na mpiga ngoma. Msimamizi aliwapokea kwa dharau. "Hiyo mashine ina miaka miwili inalia hivyo hivyo. Haijamuuma mtu." Mama Spana akamjibu, "Sikio la kufa halisikii dawa, najua. Mimi nitaimimina tu." Akamwomba binti aliyekuwa akiifanyia kazi asimame pembeni. Binti wa miaka ishirini na mitatu. Mama Spana akachukua mpini wa ufagio, akaulaza mahali mkono unapoweka bati. Akamwambia msimamizi akanyage pedali mwenyewe. Kila chuma kikipanda, anasogeza mpini ndani, kama mkono unavyofanya.

Kanyaga. Du, tk. Kanyaga. Du, tk. Mara ishirini na mbili hakuna kitu. Msimamizi ameshaanza kutabasamu. Mara ya ishirini na tatu alikanyaga, akautoa mguu. Chuma kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Mpini ukakatika vipande viwili.

Yule binti alivua glavu zake, akakaa chini sakafuni, akaviangalia vidole vyake. Mama Spana akakaa sakafuni pale pale kando yake, akamshika mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Mpiga ngoma anasema alilia kwa muda mrefu, na katikati ya kilio akawa anacheka. Alikuwa akirudia neno moja: "Nimesema. Safari hii nimesema."

Kiwanda kilizima presi zote sita. Mbili nyingine zilikutwa na ugonjwa ule ule. Bendi wakamuuliza waufanyeje wimbo, waufute? Akawatolea macho. "Mfute wimbo mzuri vile? Aliyekuwa mgonjwa ni mashine. Wimbo ni mzima kama kigongo. Pigeni!" Na kuanzia siku hiyo, kila tamasha, pipa lilikuwa lake. Miaka tisa. Mara ya mwisho ni mwaka jana, akiwa na fimbo ya kutembelea. Binti yake, yule mwalimu aliyeona aibu, alikuwa ubavuni kwake na ovaroli lake mwenyewe, kashonewa na baba. "Niliruka mpaka nikapoteza kiatu," aliniambia. "Sijawahi kujivunia mtu vile."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba yangu mimi niliyecheka, natoa pole kwa mzee wetu fundi cherehani, kwa mwalimu, kwa mafundi wenzake wa kiwanda cha makopo, na kwa mashabiki wote wa Tanuri Namba Nne. Mmepoteza mtu. Lakini mlikuwa naye, na si kila nyumba inajaliwa hivyo.

Na wewe unayenisikiliza, kaa ujiulize leo. Ni sauti gani umeisikia, kazini, nyumbani, kwa jirani, ukajua haiko sawa, ukasema nani atanisikiliza? Kaseme. Wakikucheka, kaseme tena.

Asubuhi hii nilimtafuta yule binti wa presi. Sasa ana miaka thelathini na mitatu. Simu yangu haikupokelewa mara mbili. Ya tatu akapokea, anahema, akaniomba radhi. Alikuwa akimsuka mwanawe nywele kabla ya shule, na hakutaka kuachia msuko katikati.