Siku Bonaventure Alipopakua Gari

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Popote ulipo, shambani, dukani au jikoni unachambua maharage, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Ni mzee Bonaventure, dereva wa ile Land Cruiser nyeupe iliyochakaa, ile tuliyoisikia kabla ya kuiona. Bonaventure amefariki. Amefariki Mbarara, na tumemzika hapa Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, juma lililopita.

Wengi wenu mlimfahamu. Mlipanda gari lake, mkagombana naye kwa sababu ya mkungu wa matoke aliokataa kuupakia. Mkamwita bahili. Msikatae, nawajua! Basi sikilizeni, maana ubahili wa mzee huyu ulikuwa na kisa, na kisa hicho tumesimuliwa na mjane wake, mama Marthe. Amekaa nasi mchana kutwa. Amelia, amecheka, amejifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kwa hiyo haya ni maisha ya Bonaventure, lakini yameonwa kwa macho ya Marthe.

Bonaventure alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Huko pia alikuwa dereva, akiendesha lori la mihogo. Vita vilipofika, aliwapakia watu wake lorini humo: Marthe, watoto wao wawili Ulrich na Nathalie, mama yake mzazi, na majirani. Walipofika bondeni, lori likazama kwenye matope. Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure. Ya mbele hayakuwa na nguvu ya kuvuta. Risasi zililia nyuma yao. Wakaliacha lori, wakakimbia kwa miguu. Bonaventure alimbeba mama yake mgongoni, na mama hakufika. Alimzika kando ya njia.

Wasikilizaji wapendwa, hilo mlishike. Lori lilizama, na mama hakufika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Waliobaki wakavuka mpaka wakaingia Uganda, na miaka ikapita hapa Nakivale. Waumini wa kanisa lao wakajichanga, wakanunua gari kuukuu la kupeleka wagonjwa Mbarara. Nani wa kuliendesha? Bonaventure. Na kwa kila safari, nyumba za jirani zilichanga mazuti, yaani dizeli, mpaka jerikani moja ikajaa.

Sasa, gari hilo lina vifuniko vya duara katikati ya magurudumu ya mbele. Mafundi wanaviita habu. Ukizifunga habu na kuingiza ile gia ndogo, gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Ni jambo zuri kwenye matope. Kwenye njia kavu zinafunguliwa, maana ukiziacha vile, gari linachoka bure na kunywa mazuti kupita kiasi. Bonaventure alizifunga na kuiingiza gia hiyo siku ya kwanza alipokabidhiwa ufunguo. Hakuzifungua tena. Kiangazi na masika, vumbi na lami, gari lilivuta kwa miguu yote minne.

Marthe naye alikuwa na lake. Nyuma ya gari alipanga sufuria, majembe, turubali, gunia la unga na madumu ya maji. Juu, kwenye keria, alifunga godoro. Unga ukiingia wadudu, anautoa, anaweka mwingine. Wengine walikwenda mjini kutibiwa. Wao wawili, kila safari, walikuwa wanakimbia vita.

Hakuna aliyeona tatizo mpaka zamu ya Nathalie ilipofika. Binti yao alikuwa ameolewa na Claude, kijana wa Kirundi anayeuza samaki wakavu. Mimba ya kwanza iliharibika, na Nathalie mwenyewe aliponea chupuchupu. Ya pili ilipokua, madaktari wa Mbarara walisema wazi: huyu atajifungua kwa upasuaji, aje kupimwa mara kwa mara, na uchungu ukianza asicheleweshwe hata kidogo.

Safari zikaanza. Na jerikani moja ilifika Mbarara, lakini kurudi haikutosha. Siku moja gari lilizimika wakati wa kurudi, jua la mchana likiwaka. Nathalie alikaa juu ya jiwe na tumbo lake, amejifunika kitenge kichwani. Marthe anasema: "Nilikuwa naangalia tumbo, naangalia njia. Nikajiuliza, kama uchungu ingemukamata pale, tungefanya nini? Pale hakuna hata fasi ya kulala."

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwa Marthe, ikakaa kabisa kama mgeni asiyeaga. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alikwenda kuigonga jerikani kwa vidole asikie imejaa mpaka wapi. Mikono yake ilinuka mazuti hata kanisani. Nathalie akikohoa tu, mama yake anasimama.

Bonaventure akatafuta dawa. Kwanza alijaribu ule ujanja wa madereva wa milimani: kuzima injini kwenye mteremko, gari lishuke bure. Usukani ukawa mzito. Breki ikawa ngumu kama jiwe. Marthe alipiga yowe ambalo anasema mpaka leo koo linalikumbuka. Bonaventure hakurudia. Na ninyi madereva mnaotabasamu hapo, ninyi mnaojiona mafundi wa miteremko, msithubutu!

Ndipo akaenda kwa fundi mmoja wa Mbarara, Mrundi anayeitwa Astère. Astère alipima upepo, matairi yalikuwa yamelegea. Alitoa chujio la hewa, lilikuwa limejaa vumbi la Nakivale. Akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akacheka. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaona sufuria na gunia la unga. Kicheko kikakatika. Yeye pia ni mkimbizi.

"Mzee," alisema, "upepo tutajaza, chujio tutasafisha. Lakini hii gari inavuta mbele na nyuma siku zote, tena imebeba nyumba. Muko munakimbia nani?"

Bonaventure alirudi nyumbani, akasimamisha gari uani, akaanza kufungua kamba za godoro. Marthe alitoka mbio, akasimama mbele ya mlango wa gari, mikono ameitanua.

"Papa Ulrich, ukitoa hivi vitu, siku tukikimbia batoto batalala wapi?"

"Tukimbilie wapi tena, mama Ulrich?"

"Hata kule Fizi tulisema hivyo."

Bonaventure akakaa kwenye gunia la unga. Akamwambia mkewe kwa sauti ya chini: "Mazuti ya kukimbia ndiyo mazuti ya Nathalie. Siwezi kuyapata yote mbili."

Marthe akashusha mikono. Anasema hakukubali. Alichoka tu kubishana na ukweli. Wakapakua pamoja. Keria nayo ikang'olewa, na ndiyo maana, wasikilizaji wapendwa, mikungu yenu ilikataliwa. Mwisho Bonaventure aliitoa ile gia ndogo, akapiga magoti akazungusha habu, kushoto kisha kulia. Alipomaliza alisimama akilitazama gari kama mtu aliyevuliwa viatu penye miiba.

Safari iliyofuata walikwenda Mbarara na kurudi kwa jerikani ileile, na tangini mazuti yakabaki kidogo. Kwenda na kurudi! Bonaventure alipiga makofi. Marthe hakupiga. Alikuwa anatazama mawingu upande wa Rugaaga.

Uchungu ulimshika Nathalie asubuhi ya mvua kubwa, kabla ya tarehe yake. Ambulensi ilikuwa imeshatoka na mgonjwa mwingine. Jerikani haikuwa imejaa, maana majirani walikuwa hawajamaliza kuchanga. Bonaventure alimimina kilichopo. Claude alimpakata mkewe nyuma, Marthe akakaa mbele.

Hawakufika mbali. Bondeni gari lilizama, kama lile lori la Fizi. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Bonaventure alishuka, matope mpaka magotini, akazifunga habu kwa mikono miwili. Alirudi, akaingiza ile gia ndogo, gari likatetemeka, likaunguruma, likatoka. Marthe anasema hapo alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mbele yao njia ilikuwa imara. Nathalie alikuwa analia kwa kelele. Kukimbia sasa!

Bonaventure akasimamisha gari.

Akashuka tena, na akapiga magoti mbele ya gurudumu. Alikuwa anazifungua habu. Alijua mazuti yaliyomo. Alijua kwamba kwa miguu minne hayatafika Mbarara. Lakini Marthe hakuona hesabu. Aliona mwanawe anakufa na mumewe anachezea gurudumu. Habu moja ilikuwa imeshikwa na matope, haizunguki. Bonaventure alivua shati akaanza kuisafisha. Marthe akatoa kichwa dirishani.

"Bonaventure! Umeua mutoto wangu!"

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu tangu aolewe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Siku zote alikuwa papa Ulrich. Siku hiyo alimwita kwa jina, mbele ya mkwe wao, na akamwita muuaji. Bonaventure aliendelea kusugua. Habu ikazunguka. Akapanda, kifua wazi, mvua inamtiririka, akaendesha polepole bila kuharakisha injini, huku Marthe anataka kuliona gari linapaa.

Walifika. Nathalie aliingizwa chumba cha upasuaji, akatoka akiwa hai, na mtoto wa kike akiwa hai. Walimwita Irakiza. Na kesho yake Bonaventure alipojaribu kuwasha gari, halikuwaka. Tangi lilikuwa kavu kabisa.

Marthe aliliona tangi hilo. Alielewa. Na bado hakusema kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye aliogopa hata kuinama kuyagusa. "Nilisema nitamuomba musamaha kesho," anatuambia. "Kesho ikawa mingi." Walikula pamoja, wakasali pamoja, wakamlea mjukuu. Bonaventure aliendelea kuwapeleka wagonjwa, akiwafundisha madereva wengine kujaza upepo, kusafisha chujio, kupunguza mizigo, kufungua habu. Yale maneno ya bondeni hakuyataja hata mara moja. Marthe anasema ukimya huo ndio uliomtisha kuliko yote. Hakujua kama ni msamaha au ni kidonda.

Kisha moyo wa Bonaventure ukaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Katika mvua hizi tulizo nazo, Ulrich, mwanawe, alimlaza nyuma ya gari lilelile, akashika usukani. Marthe alikaa na kichwa cha mumewe mapajani. Walivuka bonde habu zimefungwa, vizuri kabisa. Walipofika kwenye njia imara, mgonjwa aliinua mkono.

"Ulrich. Habu."

"Papa, leo mazuti iko mingi. Tuendelee tu."

"Simama," Marthe alisema.

Ulrich alisimama. Lakini hakuwa yeye aliyeshuka. Marthe alishuka mwenyewe. Alipiga magoti na kitenge chake ndani ya matope, akazungusha habu ya kushoto. Akazunguka mbele ya gari, akazungusha ya kulia. Alirudi ndani na mikono michafu, akamwambia: "Papa Ulrich, nimefungua."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Aksanti, mama Ulrich. Sasa tutafika."

Walifika. Bonaventure alifariki Mbarara kabla juma halijaisha. Neno la msamaha Marthe alikuwa nalo mdomoni kila siku pale kitandani, na kila siku muuguzi aliingia, au mgeni aliingia, au mzee alikuwa amelala.

Tunampa pole mama Marthe. Pole kwako Ulrich, pole Nathalie, pole Claude, pole kwa mtoto Irakiza ambaye bado anauliza babu amepeleka nani hospitali. Pole kwa waumini wenzake na kwa madereva wote wa njia ya Mbarara. Mungu amlaze mahali pema peponi.

Na wewe unayetusikiliza, jikague. Kama kuna neno ulilomrushia mtu wako siku ya hofu, usilipangie kesho. Inuka sasa, sisi wa redioni tutakungojea.

Kabla hajaondoka studioni, mama Marthe alituomba jambo moja. Tulimwambia aliseme mwenyewe. Alijaribu, sauti ikakataa. Akatuomba tumsemee hewani, na tunamsemea kama alivyotutuma: Papa Ulrich, hukumuua mtoto wangu. Ulimfikisha.