Walitaka Mbuzi ya Ndoa Yangu Irudi kwa Ajili ya Kodi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, hata nyinyi wa karibu na mlango, maana leo sikuleta sauti ya upole. Nimekuja na hasira. Padri anajua, nilishamwambia, na alisema nishuhudie nayo hivyo hivyo. Mimi ni Mama Béatrice, mshonaji, mnavaa nguo zangu. Mume wangu, Papa Dieudonné, amekaa pale upande wa wanaume, anaangalia viatu vyake. Mwacheni aangalie.

Papa Dieudonné ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi ya hapa Likasi ilipokufa, alipata nyingine Afrika Kusini, na tangu wakati huo anakwenda na kurudi. Kule wanamkata kodi kabla hajaushika mshahara. Hatukulalamika. Kila nchi ina Kaisari wake.

Kisha ofisi ya kodi ya hapa ikamwita. Ilisema kwamba mtu mwenye makao Likasi anatakiwa kutangaza mapato yake yote, hata yale ya nje. Ndugu zangu, tulishtuka! Kodi kule, kodi hapa, na jasho ni lile lile moja! Na akikaa kimya, nyumba yetu ingeweza kukamatwa, ile niliyoijenga nikifyatua matofali mwenyewe na mimba ya miezi mingi tumboni. Sikulala.

Sasa sikieni ujinga wetu sisi watu wa Likasi. Ofisini hatuingii. Tunaiogopa Leta, serikali hii yetu, kama waya wa umeme unaotoka bwawa la Koni. Basi tunatuma komisionere, mtu anayejidai kujua milango yote, akatusemee. Wetu alikuja na Biblia kwapani. Alituita ndugu katika Bwana, akala ugali wangu na samaki wa ziwa Tshangalele, akanawa mikono, ndipo akatoa hekima yake. Alisema kodi ya hapa inamfuata Papa Dieudonné kwa sababu nyumba na mke wake viko hapa. Basi nyumba iandikwe jina la kaka yake, na mke aachwe. Tena Leta haiwezi kuamini hivi hivi, lazima ifanyike kidesturi: familia zikutane, mahari irudi, mashahidi watie sahihi.

Nilimpigia simu mume wangu, nikijua atamtukana mtu yule. Ndugu zangu, mume wangu alikubali! Aliniambia, "Béa, ni karatasi tu. Ni ya kudanganya Leta. Weye utabakia bibi yangu."

Karatasi tu! Mimi ni mtoto wa watu wa Kasai. Kwetu mbuzi ya ndoa hairudi kwa mchezo. Ikitoka mkononi mwa baba zako ikaingia mkononi mwa watu wa mume, umekwisha kuwa mgeni wake, na akikugusa tena ni mwiko. Yeye anayajua hayo, na mama yake anayajua. Hofu ya kodi iliwala akili wote. Nilipiga magoti usiku na mchana nikimwomba Mungu anipe utulivu. Hakunipa, na leo namshukuru kwa kuninyima.

Siku ilifika. Baba mdogo wangu alikuwa ameshika kamba ya mbuzi, shemeji yangu amenyoosha mkono kuipokea kwa jina la mume wangu, na komisionere anatabasamu pembeni. Hapo Roho akanishika. Wengine akiwashika wanalia, wengine wanaimba. Mimi alinishika kwa hasira. Niliirukia ile kamba, nikasema, "Minye siko bibi wa karatasi!" Nikatoka na mbuzi, nikapita nayo mjini kwa miguu, watu wakinicheka, mpaka ofisi ya kodi. Nikaifunga getini nikaingia. Mimi mwenyewe, bila komisionere!

Nilimkuta mama mmoja wa miwani. Nilimwaga yote mbele yake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza jambo moja tu: "Bwana yako, kwake ni fasi gani?" Nilimjibu kwa ukali wangu wote kwamba mahali pake ni kwa bibi yake, kwenye nyumba yake, walipo watoto wake.

Akasema, "Basi jibu lenu ni hilo."

Ndugu zangu, nisikieni! Alinieleza kwamba Kongo na Afrika Kusini zimepatana ili mtu asitozwe mara mbili kwa pato moja. Nchi mbili zikimvutania mtu, wanaangalia kwanza nyumba yake ya kudumu iko wapi, na maisha yake yamefungwa wapi. Yetu yalifungwa hapa. Basi ni mtu wa hapa, na kodi aliyokatwa kule inapunguzwa kwenye ile ya hapa. Ya hapa ikizidi, analipa ile tofauti tu. Alete uthibitisho wa kule, basi. Tena akaniambia kwamba wenye kuachana kwa uongo wanaweza kujikuta Buluo, gerezani. Ile ndoa waliyotaka tuikane ndiyo iliyotuokoa!

Uthibitisho ulikuja, tofauti tukailipa, nyumba ni yetu. Lakini si nchi zote zimepatana na yetu, kwa hiyo mwenye mtu wake nje aende akaulize. Aende mwenyewe! Komisionere yule sasa anapita barabara nyingine akiona cherehani yangu. Baba mdogo anadai mbuzi yake. Haipati. Iko kwangu, na imezaa.

Asante Yesu, uliyeniokoa kwa hasira nilipoomba utulivu. Na wewe uliyekaa hapo unaogopa Leta, mwamini Bwana, simama, ingia kwa mlango wa mbele na ukweli wako. Hakututengenezea wokovu wa kupitia dirishani.

Bado kitu kimoja. Nilimsamehe mume wangu chumbani, lakini alinikana mbele ya watu. Papa Dieudonné, acha viatu. Simama. Weye, kwako ni fasi gani?

Mmemsikia? Amesema, "Ni kwako, Béa."

Rudia kwa sauti, Papa. Wa karibu na mlango hawakusikia.