Historia ya Mukashyaka Pascasie, Mama wa Nyumba Mbili

Ndugu, majirani, na ninyi mliovuka asubuhi hii kutoka Goma kuja kumzika mama yetu, sikieni: usiku wa tarehe 9 Oktoba 2023, hapa Gisenyi, Uwingabire Diane alisikia kupitia ukuta kikohozi kilichozibwa na kitenge, kikohozi cha mtu ambaye hataki hata ukuta ujue, akajua ni mama yake, akashika tumbo lake lenye mtoto, akasema moyoni, Mungu asante, mama ana daktari wake Goma, akageuka akalala. Lakini maisha ya mtu huanza na kuzaliwa, donc, basi, tuanze hapo.

Mukashyaka Pascasie alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 huko Kanama, mtoto wa kwanza wa mzee Habimana na mama Kampire, wakulima wa viazi na maharage, akasoma shule ya msingi Nyundo mpaka 1988, alikopenda hesabu na kuadhibiwa kwa kuongea sana, nafasi ya sekondari haikupatikana, mwaka uliofuata akashuka mjini kwa shangazi yake, akaanza kuuza maziwa, na kazi hiyo, bidoni la maziwa kichwani, kuvuka mpaka kwenda Goma asubuhi na kurudi na chakula cha watoto, hakuiacha mpaka pumzi ilipomwishia.

Tarehe 5 Julai 1997 aliolewa na Twahir, fundi cherehani, Mwislamu, kila mmoja akabaki na dini yake, Krismasi na Idi zikapikwa kwenye sufuria moja, wakajaliwa watoto wawili, Latif, tarehe 2 Mei 1999, na Diane, tarehe 20 Agosti 2002. Twahir alifariki tarehe 11 Januari 2016, na Diane alipoolewa, marehemu akawa mtu wa nyumba mbili, mara hapa kwa Diane na mumewe Kwizera, mara Goma kwa mdogo wake Mutesi, karibu na wateja wake, ana sandali huku na sandali kule.

Kikohozi kilianza katikati ya mwaka 2023. Mjumbe wa afya wa mtaa wetu, Mbarushimana, alipopita akiuliza nani anakohoa zaidi ya wiki mbili, marehemu alimcheka, "Bon, Mbarushimana, mi niko na daktari wangu Goma, we enda tafuta wenye hawana," akampa kikombe cha maziwa, naye akanywa, akaenda. Na kule Goma, Mutesi alipomvuta mkono ampeleke hospitali, alimjibu, "Acha, mudogo wangu, kwetu Rwanda wananifuata mpaka kwa mulango, dawa iko." Mpakani aliweka tangawizi chini ya ulimi asikohoe mbele ya watu, maana ni nani, alisema baadaye kitandani, angenunua maziwa ya mwanamke wa kifua kikuu? Basi sisi huku tukaamini kule, wao kule wakaamini huku, na mama akakonda katikati yetu, sketi ikifungwa kwa kamba.

Tarehe 17 Februari 2024 tulimpa jina Mwiza, mtoto wa Diane, na jikoni Mutesi akamshika Diane mabega, "Aksanti mwanangu, kwa dawa unamupatiaka yaya, mukubwa wangu," naye Diane akashangaa, "Mama mudogo, si ni wewe unamupelekaka kwa daktari?" Wakaangaliana, isombe ikaungua kwenye sufuria, hakuna aliyeitoa motoni, na sebuleni mama alikuwa amemlaza Mwiza kifuani, anamwimbia, anakohoa.

Jumatatu makohozi yalipimwa, kifua kikuu kikaonekana, dawa zikatolewa siku ileile bila malipo, dawa zilizokuwepo hapahapa muda wote huo, lakini daktari alitazama picha ya mapafu akasema tumechelewa, na Alhamisi tarehe 21 Machi 2024, alfajiri, mama yetu alikata roho. Aliomba mwambiwe ni malaria. Mtusamehe, mama utusamehe, haikuwa malaria, maana Mwiza aliyelala kwenye kifua kile naye anakohoa, dawa yake inakorogwa kwenye kijiko, anaitapika, anapewa tena, uzito hauongezeki, na Diane anakaa macho akiweka sikio mgongoni mwa mtoto, hajui kama tumewahi au tumechelewa tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kinyaa, majirani mlioleta kuni na maji, Mbarushimana aliyerudi kila siku hata baada ya kudanganywa, na akina mama wa maziwa wa pande zote mbili, wenzake wa kazi, mliofunga biashara leo kwa ajili yake.

Upumzike sasa, mama Pascasie, kwa amani ambayo kifua chako hakikukupa.

Na wewe uliyelala naye chumba kimoja, uliyekunywa naye chai, unayekohoa hapo ulipokaa na kufunika mdomo kwa kitenge, mlango wa Diane unaujua, gonga saa yoyote, usiseme chochote, atamfunga Mwiza mgongoni akusindikize mpaka kituo cha afya, huku au kule, unakotaka wewe, na zaidi ya muuguzi, Diane hatamwambia mtu mwingine.